Mume, Mke na Subaru ya Zamani

Huenda mume wako anatamani Subaru Impreza yenye turbo, jamaa ya gari ambalo Colin McRae alishinda nalo Safari Rally mwaka 1997. Usimcheke. Naye asikufiche bei.

Kwanza, fahamuni sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Kwa hiyo gari hilo mtalinunua hapa nchini, mkononi mwa mtu. Kalikagueni pamoja: namba ya injini ilingane na ile ya kwenye logibuku, maana huenda injini ilishabadilishwa.

Pili, bei ya kununua ni mwanzo tu. Turbo hupata joto kali, na oili ikipungua au ikichakaa huharibika. Kuongeza nguvu bila kuimarisha breki ni kuhatarisha watoto mnaowabeba. Marekebisho yote yaelezeni kampuni ya bima, isije ikakataa kulipa siku ya ajali. Na bomba la moshi lenye kishindo linagusa kanuni za kelele za mwaka 2009, mbali na usingizi wa majirani.

Tatu, fedha za viazi ni jasho la wote wawili. Tengeni kwanza karo, mbegu na akiba ya ugonjwa. Jioni hii chukueni daftari. Kila mmoja aandike kiasi anachoweza kutoa bila kinyongo. Kiasi kidogo kati ya hivyo viwili ndicho kiwe mpaka wenu.