Unauza Gari la Kale? Pesa Kwanza, Ufunguo Baadaye

Tuseme una MGB ya 1972, umeitunza vizuri huko Karen. Uliipeleka Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, na sasa mtu wa Westlands anaitaka kwa shilingi 3,500,000. Hongera! Lakini kuwa makini. Kenya hairuhusu kuagiza magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8, kwa hivyo ukitapeliwa hii, kupata nyingine si rahisi.

Kumbuka: M-Pesa haitumi zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Akikuonyesha SMS eti ametuma milioni moja, huo ni uongo.

Fanya hivi:

1. Malipo ya awali, mfano 100,000, pokea kwa simu. Usiamini SMS pekee, angalia salio lako mwenyewe. Andikeni makubaliano na mtie sahihi.

2. Zile 3,400,000 zilizobaki zipitie RTGS, benki hadi benki. Hundi haifai, kikomo chake ni milioni moja. Kutaneni mchana ndani ya benki yako, na uulize kama pesa imeingia kwa akaunti.

3. Benki ikithibitisha, ndipo uanzishe kuhamisha umiliki wa gari NTSA kupitia eCitizen.

4. Ufunguo na logbook ni za mwisho.

Akikuharakisha, eti ndege inamngoja, mwambie aende salama. Mnunuzi wa kweli atangoja benki.