Somo la Choo cha Watu Wote

Choo cha nyumbani kwako unakijua. Unakifagia mwenyewe, nawe wajua ni nani huingia humo. Lakini kuna choo kingine: cha sokoni, cha kanisa, cha shule, cha hospitali, na cha kambi ya wachimbaji wa dhahabu. Hicho ni cha watu wote, na mara nyingi kitu cha watu wote hakina mwenyewe. Leo tujifunze namna ya kukijenga kiwe safi, kisiwe na hatari, na kila mtu aweze kukitumia.

1. Kwa nini ni jambo kubwa

Dhahabu ya Namoya imeleta watu wengi Salamabila kutoka mbali. Vita katika nchi ya Kabambare na Fizi vimeleta wengine waliokimbia na mizigo yao kichwani. Mahali penye watu wengi pana mavi mengi, nayo lazima yaende mahali fulani. Yakiachwa porini, mvua huyachukua mpaka mtoni na kisimani. Nzi hutoka juu yake wakatua juu ya ugali. Kwa njia hiyo watu hupata kolera, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo. Tena safura haingoji kinywa: mdudu wake hutoka katika udongo uliochafuka akaingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu.

Kumbuka habari ya Goma. Mwezi wa 7 mwaka 1994 watu wapatao 500,000 hadi 800,000 walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Walikaa juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo jembe halipenyi, wala shimo la choo halichimbiki upesi. Maji safi hayakutosha. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, walio wengi kwa kolera na kuhara damu.

Sisi hatuna mawe ya Goma. Udongo wetu unachimbika, na vijana wetu wanajua kuchimba kupita watu wengi. Mtu awezaye kushuka chini sana kutafuta dhahabu hawezi kusema kwamba shimo la meta tatu limemshinda.

2. Anza na mtu aliye dhaifu

Hapa ndipo penye moyo wa somo hili. Mara nyingi wazee wanaume wanne huketi chini ya mwembe wakapanga choo cha kanisa au cha soko. Hupima kwa miili yao wenyewe, yenye nguvu, isiyoogopa usiku. Choo kinajengwa, kinasifiwa, kisha nusu ya watu hawakiingii.

Kabla hamjachimba, waiteni watu watano mwaulize: mama mwenye mimba, msichana aliyekwisha kuvunja ungo, mzee mwenye fimbo, kilema asiyeweza kuchuchumaa, na mtoto wa miaka mitano. Mama atawaambia kwamba siku ya soko hanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni, kwa sababu hana mahali pa kujisitiri. Kwa hiyo anaumwa kibofu. Msichana huenda akaona haya kusema mbele ya wanaume. Basi mama mmoja amwulize kando. Atasema kwamba siku zake za mwezi haendi shule, kwa maana choo hakina mlango. Mtoto atasema anaogopa kuanguka shimoni. Si ujinga, shimo pana kweli huua watoto.

Choo ambacho watu hawa wanaweza kukitumia, mwenye nguvu naye atakitumia. Lakini choo cha wenye nguvu peke yao huwarudisha wengine porini, na mavi ya porini hurudi katika maji ya kijiji kizima. Kwa hiyo kumfikiri mtu dhaifu ni kinga ya watu wote.

3. Mahali pa kujenga

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23 Musa aliwaagiza Waisraeli wawe na mahali nje ya kambi, na chombo cha kuchimbia, wapate kufunika uchafu wao. Shauri la kufunika ni jema hata leo. Lakini lile la nje ya kambi tulishike kwa akili. Katika nchi iliyoona watu wenye silaha, mwanamke aendaye choo cha mbali usiku aweza kushikwa njiani. Wengine wameshikwa. Basi choo kisipite meta 50 kutoka mahali watu walalapo, na njia yake ifyekwe, ionekane toka nyumbani.

Tena kiwe meta 30 au zaidi toka kisima, upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo pasifikie maji ya ardhini: libaki tabaka la udongo la meta 1 na nusu kati yake na maji wakati wa mvua nyingi.

4. Shimo, sakafu na bomba

Mtu mmoja hujaza shimo kwa lita 40 hadi 60 kwa mwaka. Shimo la meta 1 kwa meta 1, lenye kina cha meta 3, lina nafasi ya lita 2,500, kwa maana lazima ufunge choo uchafu ukibakiza nusu meta kufika juu. Piga hesabu: watu 20 watalitumia miaka 2 au zaidi, lakini watu 50 litawajalia kwa mwaka 1 hivi. Zungusha matofali juu ya shimo, udongo usibomoke.

Sakafu iwe ya simenti laini, ili ioshwe. Miti iliyotandazwa udongo huliwa na mchwa, na siku moja humwangusha mtu. Tundu lisipite upana wa sentimeta 18.

Miaka ya 1970, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walitengeneza choo chenye bomba la hewa. Bomba hutoka shimoni, hupita juu ya paa kwa nusu meta, na juu yake hufungwa wavu mwembamba. Upepo upitao juu huvuta harufu. Nzi walio shimoni hufuata nuru ya bomba, wakafika kwenye wavu wakafa. Lakini ndani ya choo pawe na giza kidogo, nzi wasivutwe na mlango. Choo chenye bomba usikifunike tundu, hewa ipite. Kisicho na bomba, kifunike kila mara.

5. Mlango na njia

Vyoo vya wanawake vitengwe na vya wanaume, kila kimoja na njia yake. Mlango uwe na komeo la ndani. Ndani pawe na chombo chenye kifuniko kwa vitambaa vya hedhi, na mahali pa faragha pa kuvifua.

Choo kimoja angalau kiwe cha vilema na wazee. Mlango wake uwe na upana wa sentimeta 90. Badala ya ngazi weka mteremko: kwa kila sentimeta 10 za kupanda, urefu wa sentimeta 120. Ndani jenga kiti cha matofali chenye tundu, na mti imara ukutani wa kushika mkono. Mama mwenye mimba na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa watakushukuru pia.

6. Hesabu ya vyoo

Desturi inayofuatwa na watu wa misaada ni hii: sokoni, choo 1 kwa meza 50 za kuuzia, hospitalini, choo 1 kwa vitanda 20, shuleni, choo 1 kwa wasichana 30 na 1 kwa wavulana 60, kambini, choo 1 kwa watu 20. Mahali pa watu wote, wanawake wapewe vyoo vitatu kwa kimoja cha wanaume, maana hukaa zaidi, tena huja na watoto.

7. Nani atakitunza?

Choo bila maji ya kunawa ni kazi nusu. Tundika dumu lenye tundu dogo, vuta kwa kamba na mguu, mkono usiguse. Weka sabuni; ikikosekana, jivu.

Chagueni mtunzaji, mwanamume au mwanamke, mumlipe. Sokoni kila mwuzaji aweza kutoa franka kidogo kila juma. Lakini mtoto na mgonjwa wasirudishwe kwa kukosa franka. Ufunguo usilale mfukoni mwa mkubwa mmoja asafiriye Kasongo. Choo kilichofungwa siku ya soko ni sawa na choo kisichojengwa.

Maswali ya kujifunza

1. Katika kijiji chako, ni nani asiyeweza kuingia choo cha kanisa au cha soko? Ni kitu gani kinachomzuia?
2. Toka chooni hadi kisimani ni hatua ngapi? Nenda ukapime.
3. Mlango una komeo? Sabuni ipo? Ufunguo u kwa nani?
4. Soma tena sehemu ya 2 pamoja na wazee wa kanisa, kisha waiteni wale watu watano juma hili, kabla ya mvua.