SOMO LA AFYA: Ngozi Huongezeka Ikivutwa Polepole



Ukipanda kuelekea Mlima Elgon, bado utakutana na wazee wa Kisabaot ambao ndewe za masikio yao zinaning'inia. Kwa Wapokot na Wamaasai ni vivyo hivyo. Zamani sikio lilitobolewa, likawekwa kijiti chembamba, kisha kikubwa zaidi, na baada ya miezi kikubwa kuliko hicho. Aliyekuwa na pupa akaweka kijiti kinene mapema, ndewe ilichanika. Aliyesubiri alipata ndewe ndefu. Na hata alipotoa kijiti miaka mingi baadaye, ndewe haikurudi kuwa ndogo kama ya mtoto. Ndiyo maana wengine waliotaka kuifupisha walilazimika kwenda kushonwa hospitalini.

Tunaanza na masikio kwa sababu jambo hilohilo hutumiwa leo na madaktari wa upasuaji kuwasaidia watu wenye makovu makubwa, hasa ya moto. Katika nyumba zetu, kuanzia Myanga hadi Kitale, sufuria ya uji hukaa juu ya mafiga, koroboi huwa mezani, na watoto hucheza karibu. Makovu ya aina hii si mageni kwetu. Somo la leo linaeleza ngozi hukuaje ikivutwa, kwa nini watafiti wanataka ikue haraka zaidi, na wewe mwenye mgonjwa nyumbani ufanye nini.

Ngozi hufanya nini ikivutwa?

Mambo mawili hutokea. La kwanza ni la papo hapo: ngozi hunyooka kama mpira. Ukiiachilia, hujirudi. Hapo hujapata ngozi mpya, umeazima tu iliyopo.

La pili huchukua siku na wiki. Ngozi ikikaa imevutwa, seli zake huhisi mvuto huo na kuanza kugawanyika. Tabaka la juu hujijaza upya. Tabaka la ndani hupungua unene kwa muda, na mishipa midogo ya damu huongezeka. Hii sasa ni ngozi mpya, na ndiyo inayobaki. Tumbo la mama mjamzito nalo hupanuka namna hii kwa miezi tisa bila kupasuka.

Hospitali hulitumiaje jambo hili?

Mwaka 1957 daktari Charles Neumann wa New York alikuwa na mgonjwa aliyepoteza sikio. Alimwekea puto la mpira chini ya ngozi iliyo karibu na mahali pa sikio, akalijaza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akapata ngozi ya kufunikia. Wenzake wengi hawakulitilia maanani. Katika miaka ya 1970 madaktari wengine wa Marekani, akiwemo Chedomir Radovan, walilirudia jambo hilo kwa mifuko ya silikoni, na likaenea duniani.

Mwaka huohuo wa 1957, huku kwetu, madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo ni Amref. Waliona kwamba katika Afrika Mashariki ufundi wa daktari hautoshi ikiwa mgonjwa wa kijijini hawezi kumfikia. Tatizo hilo tutalirudia hapa chini.

Siku hizi kazi hufanywa hivi. Daktari hupasua kidogo na kuingiza mfuko mtupu wa silikoni chini ya ngozi nzima iliyo kando ya kovu. Kidonda huachwa kipone, kwa kawaida wiki mbili hivi. Kisha mgonjwa hurudi kliniki, mara nyingi kila wiki, na mfuko huongezewa kwa sindano maji ya chumvi kama yale ya dripu. Ngozi iliyo juu ya mfuko huinuka kama kichuguu. Baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, au zaidi kwa kovu kubwa, mgonjwa hupasuliwa mara ya pili: mfuko hutolewa, kovu hukatwa, na ngozi mpya husogezwa kufunika nafasi hiyo.

Faida yake ni kwamba ngozi hiyo ni ya jirani. Rangi yake inafanana na ya mahali panapofunikwa, na ina hisia. Ikitoka kichwani, ina nywele. Ngozi ya kubandikwa kutoka pajani haitaotesha nywele za kichwa.

Kwa nini tunataka haraka?

Fikiria mama wa Myanga ambaye mtoto wake ametumwa Eldoret au Nairobi kwa matibabu haya. Kila wiki kuna nauli. Kila safari mtoto hukosa masomo, na mama hukosa soko. Kwa miezi miwili au mitatu mtoto hutembea na uvimbe ambao wenzake wanauchekelea, na muda wote huo mfuko unaweza kuingia viini, kuvuja au kutokeza nje. Kila wiki inayopunguzwa ni afueni kwa familia. Kwa hiyo utafiti wa kuharakisha ngozi unatuhusu hata kama maabara yenyewe iko mbali.

Watafiti wamefikia wapi?

Njia ya kwanza ni kubadilisha namna ya kuvuta. Nchini Marekani kulijaribiwa mfuko wa gesi ambao mgonjwa mwenyewe huujaza kidogo kidogo kila siku nyumbani, kwa kubonyeza kidude cha mkononi. Ulijaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakitengenezewa titi baada ya saratani. Nusu yao walimaliza upanuzi kwa takriban siku 21 au chini ya hapo, ilhali kwa mfuko wa maji ilikuwa takriban siku 46. Funzo ni kwamba kuongeza kidogo kila siku kunaweza kufupisha safari kuliko kuongeza kingi mara moja kwa wiki.

Njia ya pili ni kuelewa seli zenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, Ubelgiji, wakiongozwa na Cédric Blanpain, walieleza walichokiona kwa panya. Ngozi ilipovutwa, seli shina, yaani zile zinazozaa seli nyingine za ngozi, zilianza kuzaa seli shina zaidi. Watafiti walipozuia baadhi ya ishara zinazopita ndani ya seli hizo, upanuzi ulitatizika. Zikijulikana ishara hizo, huenda siku moja ikapatikana dawa ya kuzichochea.

Njia ya tatu imejaribiwa kwa wagonjwa huko Shanghai, China. Ngozi yao ilipochoka na kuwa nyembamba, walidungwa seli zilizotolewa katika uboho au mafuta ya miili yao wenyewe ili ngozi iendelee kukua. Matokeo yanatia moyo, lakini hiyo bado ni kazi ya majaribio chini ya uangalizi wa wataalamu.

Hapa tuwe waangalifu. Hakuna krimu, mafuta wala kidonge ambacho madaktari hukitumia kwa kawaida leo kuharakisha ukuaji huu. Anayekuuzia kitu cha namna hiyo sokoni anakula pesa zako. Na kuivuta ngozi kwa nguvu nyumbani kutakurudisha kwa yule aliyechanika ndewe: damu ikikosa kupita, ngozi hufa.

Ufanye nini?

Mtoto akiungua leo, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai wala unga.

Kidonda kinapopona, fuata mazoezi ya kunyoosha kiungo utakayofundishwa. Kovu la shingo, kwapa au kiwiko hukaza likiachwa.

Ikiwa kovu limekwisha kukaza, usimfiche mtoto nyumbani ukidhani imekwisha. Anza na mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Bungoma, na ikihitajika hospitali kubwa zaidi. Daktari ndiye atakayechagua njia. Wengi hutibiwa kwa kukata kovu na kubandika ngozi bila mfuko wowote. Uliza mapema ni gharama ipi italipwa na SHA, ipi ni yako, na utahitajika kurudi mara ngapi.

Ikiwa mgonjwa wako tayari amewekewa mfuko, usingoje siku ya kliniki ukiona mojawapo ya haya: ngozi imepauka au imekuwa nyeusi, maumivu hayapungui, kuna joto, usaha au homa, mfuko unaonekana, au uvimbe umenywea ghafla. Nenda siku hiyohiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ndewe iliyovutwa kwa miaka hairudi kuwa ndogo, ilhali ngozi ya mkono uliyoivuta sasa hivi inarudi?
2. Taja dalili tatu zinazomtaka mwenye mfuko arudi hospitali mara moja.
3. Jirani yako ana mtoto wa miaka saba ambaye kidevu chake kimeshikana na kifua kwa kovu la moto. Utamwambia aanzie wapi?

Majibu yote yamo katika somo hili. La tatu usilijibu kwa karatasi. Nenda kamwambie.