Taa ya eabegi ikikataa kuzimika

Geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake zote, ila injini usiiwashe. Itazame ile taa yenye picha ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua, au iliyoandikwa SRS. Kwenye Toyota Hilux inatakiwa ikae kama sekunde 6 kisha izimike yenyewe, huku taa ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka kwa sababu injini bado imelala. Kipimo hiki hakigharimu kitu. Kwa mtu anayenunua pikapu ya mtumba iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikavushwa mpaka kuja huku Kigwena, Burundi, kina faida kuliko kukagua rangi.

Taa ikibaki inawaka, kompyuta ya eabegi imeona hitilafu, na siku ya ajali huenda mifuko isifunguke. Lakini kuna hali mbili mbaya zaidi. Ya kwanza, taa haiwaki kabisa: balbu imetolewa au waya umekatwa. Ya pili, inazimika sekunde ileile inayozimika taa ya oili, pale injini inapowaka: mtu ameiunganisha na taa nyingine ili mnunuzi asishtuke. Gari la namna hiyo limeshafichiwa ugonjwa. Wapo pia wanaofunga kipande cha rezista mahali pa mfuko, na hapo kompyuta inadanganyika na taa inazimika vizuri. Huo hutaugundua kwa kutazama taa. Kagua kama kifuniko cha usukani kinafanana rangi na dashibodi, na kama kuna waya wa njano uliokatwa na kufungwa kwa tepu.

Kabla ya kugusa chochote, toa waya hasi wa betri, usubiri. Toyota inataka sekunde 90 au zaidi, kwa kuwa kompyuta huhifadhi umeme wa akiba wa kufyatulia mifuko hata betri ikikatika. Mimi husema dakika tatu, kwani hakuna haraka inayostahili uso wa mtu. Soketi na waya wa njano ndiyo alama ya mfumo huu. Usizipime kwa mita wala kwa taa ya majaribio, maana umeme mdogo tu unaweza kulipua mfuko mbele yako. Sehemu hiyo mwachie fundi aliyefunzwa. Wewe kazi yako ni kuangalia, na kubana soketi iliyolegea.

Anzia chini ya viti. Kwenye barabara ya RN3, kutoka Rumonge kupita msitu wa Kigwena hadi Nyanza-Lac, pikapu ndizo zinazobeba mawese na samaki, na chini ya kiti cha dereva ndiyo stoo: jeki, spana, kamba, kidumu cha oili. Jeki ikiteleza kwenye kona huvuta waya wa kifungio cha mkanda, ambao nao ni wa mfumo huu, soketi ikalegea nusu. Ukiitazama haionekani kama imetoka, lakini klipu yake haijabana. Waya wa betri ukiwa umetolewa, isukume mpaka usikie "tik". Halafu ondoa stoo hiyo.

Inua zulia pia. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipopanda, maji yaliingia makazi ya ufukweni kuanzia Gatumba hadi Rumonge, na magari mengi yalipita ndani ya maji. Zulia hukauka juu, sponji ya chini ikabaki na unyevu kwa miezi. Kwenye Hilux kompyuta ya eabegi imefungwa sakafuni katikati, mbele ya gia, kwa hiyo maji hufika hapo mapema. Ukikuta kutu ya kijani kwenye pini za soketi, usikwangue kwa kisu. Inahitaji dawa ya kusafishia soketi za umeme, na kompyuta iliyoingia maji ibadilishwe.

Sasa usukani. Ndani yake kuna kisahani cha plastiki chenye utepe wa waya uliojizungusha, unaopeleka umeme kwenye mfuko na kwenye honi huku usukani ukigeuka. Utepe huo huchoka na kukatika. Rudisha waya wa betri, ubonyeze honi ukiwa umenyoosha magurudumu, kisha ubonyeze tena ukiwa umekata kona kabisa kila upande. Honi ikikatika-katika na taa ya SRS ikiwa inawaka, mshukiwa wa kwanza umempata. Aprili 2014 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 6 duniani yarudi kutengenezwa kwa hitilafu mbalimbali, na takribani milioni 3.5 kati yake ni kwa sababu ya utepe huu. Hilux zilikuwemo. Fundi anapofunga kisahani kipya, magurudumu yawe yamenyooka na kisahani kiwe katikati ya mzunguko wake, kama mizunguko miwili na nusu kila upande. Akikifunga kimepinda, kitakatika kona kali ya kwanza.

Betri nayo isisahaulike, hasa huku ambako uhaba wa petroli na mazuti umelaza magari kwenye foleni na majumbani kwa wiki nyingi. Umeme ukishuka sana, kompyuta huandika kosa. Chaji betri vizuri kabla ya kununua kipuri chochote.

Baada ya hapo ni mashine ya kusoma makosa. Vile visomaji vya bei ndogo vinavyoungana na simu husoma zaidi makosa ya injini, yanayoanza na herufi P. Ya eabegi huanza na B, na yanataka mashine inayofungua mfumo wa SRS. Piga simu gereji uulize hilo kabla ya kuchoma mafuta kwenda Bujumbura. Mwambie fundi aandike namba ya kosa kwanza, ndipo afute. Akifuta bila kuandika na taa ikarudi njiani, mmeanza upya.

Na taa iliyozimika vizuri haikwambii kila kitu. Mifuko ya Takata, kampuni ya Japani iliyofilisika 2017, ina baruti inayoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hali tuliyonayo hapa ziwani. Inapofyatuka chuma chake huweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva, na kompyuta haioni ubovu huo. Chukua nambari ya chasisi, uiulize kwa wakala au kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari lako liliitwa. Mfuko uliotolewa kwenye gari bovu usiununue hata ukipewa bei ya kutupa.

Kipuri kikichelewa, funga mkanda kila safari, rudisha kiti nyuma kifua kiwe walau sentimita 25 kutoka usukanini, na mtoto akae kiti cha nyuma kama gari lina milango minne.