Somo la Afya: Vikope na Dawa Zake

Wengi wetu tumemwona bibi mzee aketiye penye mwanga mlangoni, kibano mkononi, akizing'oa nywele za kope zake moja moja. Macho yamchoma kana kwamba yametiwa mchanga. Akisha kuzing'oa hupata nafuu kidogo. Lakini majuma machache yakipita zimeota tena, fupi na ngumu, nazo zakwaruza kuliko za kwanza. Watu husema, "Ni uzee tu." Sivyo. Ni vikope, ambavyo matabibu huviita trakoma, navyo vilianza alipokuwa mtoto.

1. Asili ya ugonjwa. Vikope huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hupita kutoka mtoto hata mtoto kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi watuao penye tongotongo. Mtoto huugua, hupona, huugua tena mara nyingi. Kila mara ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Baada ya miaka mingi makovu hayo huikunja kope kwa ndani, na nywele zake hukwaruza kioo cha jicho mpaka kikawa cheupe, na mtu asione tena. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto.

2. Dawa ya kuua vijidudu. Dawa iliyo kuu ni azithromaisini. Humezwa mara moja tu, kwa kipimo cha uzito au kimo cha mtu: wakubwa hupewa vidonge, wadogo dawa ya maji. Watoto wasiotimiza miezi 6 hutiwa machoni marhamu ya tetrasaiklini, mara mbili kila siku, kwa muda wa majuma 6. Atiaye na anawe mikono kwanza, avute kope ya chini, atie mstari mwembamba, wala ncha ya dawa isiguse jicho. Asiache siku ya kumi kwa kuwa jicho limekuwa jeupe. Vijidudu vilivyosalia vitaanza upya. Tena, mahali penye wagonjwa wengi dawa hugawiwa watu wote, hata wasioumwa. Mzazi amfichaye mwanawe siku hiyo huwawekea jirani zake mbegu ya ugonjwa.

3. Kope iliyokwisha kukunjika. Hapo dawa ya kumeza haiwezi kuinyosha. Dawa yake ni upasuaji mdogo: mganga hutia dawa ya ganzi, huigeuza kope ielekee nje, na mgonjwa hurudi kwake siku ile ile. Lakini upasuaji huo haurudishi nuru iliyokwisha kupotea, huilinda iliyobaki. Kwa hiyo anayengoja mpaka jicho liwe jeupe amechelewa. Naye aliyepasuliwa na arudi kuangaliwa, maana pengine nywele hugeuka tena.

4. Maji. Huko Kongwa, katika Tanzania, vijiji 6 vilijaribiwa, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 1995. Vyote vilipewa marhamu ya macho. Vitatu kati yake vilifundishwa pia kuwanawisha watoto nyuso. Mwaka ulipopita, ugonjwa mkali ulikuwa haba zaidi katika vile vilivyofundishwa. Basi twaona kwamba dawa huua vijidudu vya leo, bali uso safi na choo huvizuia vya kesho. Wala maji mengi hayahitajiwi. Kopo moja lamtosha mtoto, na kila mtoto awe na kitambaa chake.

5. Onyo. Si kila jicho jekundu lina vikope. Mtoto mchanga atokaye usaha machoni, na mtu yeyote mwenye maumivu makali au doa jeupe juu ya kioo cha jicho, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Twawasihi msitie jichoni maji ya majani, wala mkojo, wala matone aliyopewa mgonjwa mwingine. Wengi wamepofushwa na dawa, si na ugonjwa.

Ugonjwa huu waweza kwisha. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba umeacha kuwa tatizo la umma katika Oman mwaka 2012, Ghana mwaka 2018, na Malawi mwaka 2022. Basi, walimu wa vijijini, mkimwona bibi mwenye kibano, msipite. Mwulizeni habari za macho yake, kisha mtafuteni mtu wa kumwongoza njia ya hospitali, angali akiiona.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini dawa hugawiwa hata wasioumwa?
2. Upasuaji wa kope waweza nini, na hauwezi nini?
3. Katika kijiji chako, ni nani ang'oaye kope zake?