Likizo na Ovataimu: Kijitabu kwa Wafanyakazi wa Viwanda vya Samaki, Mwanza

Katika viwanda vya minofu ya sangara, kazi hufuata mzigo. Boti za kukusanya samaki zikichelewa kutoka visiwani, zamu husogea hadi usiku. Ziwa likichafuka, watu hurudi nyumbani mapema. Ndiyo maana hesabu ya ovataimu huzua maneno kila mwisho wa mwezi, hasa kwa aliyekuwa likizo siku kadhaa za mwezi huo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, kwa siku zisizozidi 6. Zaidi ya hapo ni ovataimu. Hufanywa kwa makubaliano, haipaswi kupita saa 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Sasa tuone likizo inaingiaje. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, mwenye zamu ya saa 7 na nusu kwa siku 6. Gawanya mshahara kwa 4.333, kisha kwa saa 45 za wiki: saa moja ni kama shilingi 2,000, na ya ovataimu 3,000. Jumatatu na Jumanne alikuwa likizo yenye malipo. Jumatano hadi Jumamosi mzigo ulikuwa mkubwa, akafanya kazi saa 9 kila siku, jumla saa 36.

Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, ukisema ovataimu huhesabiwa kwa “saa zilizofanyiwa kazi”, 36 haijafika 45, hapati kitu. Ukisema “saa zinazolipwa”, zile 15 za likizo zinaingia, jumla inakuwa 51, naye anadai saa 6, yaani shilingi 18,000. Tofauti yote iko kwenye maneno mawili, na mara nyingi wajumbe wa majadiliano huyapita haraka kwa sababu macho yote yako kwenye asilimia ya nyongeza ya mshahara. Tunawasihi viongozi wa matawi wasiyapite.

Ukomo wa siku ni jambo jingine. Ukifanya kazi saa 11 Alhamisi, saa 2 za juu ni ovataimu hata kama Jumatatu uliumwa. Usikubali zifutwe kwa hoja kwamba wiki yako haikutimia.

Angalieni zaidi kifungu cha wastani. Sheria inaruhusu mkataba wa hali bora kukokotoa saa kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka, mradi wastani usipite saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Kwa kiwanda kinachotegemea ziwa, utaratibu huo unaeleweka. Lakini tuseme umefanya wiki 3 za saa 50, na wiki ya 4 ukawa likizo. Likizo ikihesabiwa sifuri, 150 kwa 4 ni 37.5: ovataimu yote imeyeyuka. Ikiondolewa kwenye hesabu, 150 kwa 3 ni 50, na unadai saa 30. Mkataba useme waziwazi kwamba wiki za likizo ya mwaka, ugonjwa na uzazi haziingii kwenye mgawanyo. Mama aliyejifungua asilipie likizo yake kwa jasho la usiku alilokwisha kulitoa.

Mshahara wa msingi, kwa tafsiri ya sheria, hauna ovataimu ndani yake. Kwa hiyo malipo ya likizo yakiandikwa “mshahara wa msingi”, yatakuwa madogo kuliko uliyozoea kupokea.

Mkataba unamlinda pia asiye mwanachama, ikiwa chama kinatambuliwa kuwa mwakilishi pekee wa kundi lake. Omba nakala tawini. Andika mwenyewe saa za kuingia na kutoka, na utunze hati za mshahara. Mkishindwa kuelewana na mwajiri, pelekeni shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yenye ofisi hapa Mwanza, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza.