Kuchora Ramani Mahali Pasipo Njia

SWALI: Hori la Glacier Bay huko Alaska, lisilofikiwa kwa barabara, wapimaji walilichoraje ramani, na mnyororo wa kupimia hauburuziki juu ya majabali na barafu?

JIBU: Mnyororo, ndugu yangu, ulitandazwa mahali pamoja tu, ufuoni penye tambarare, baina ya vigingi viwili, na urefu huo, ukishapimwa na kurudiwa hadi shaka iondoke, ndio uliokuwa asili ya vipimo vyote, kwani mpimaji alisimamisha theodolaiti juu ya kigingi hiki, kisha juu ya kile, akakilenga kilele cha ng'ambo na kuzisoma pembe, na masafa yake yakapatikana kwa hesabu ya pembetatu, pasina mtu kukanyaga huko. Taabu ilikuwa ukungu: mtu alipanda tangu alfajiri, chombo mgongoni, na mawingu yakafunga asiweze kusoma hata pembe moja. Ndipo Edouard Deville wa Kanada alipowafundisha wapimaji wake kupiga picha vileleni, ramani ichorwe baadaye afisini.

Kimo nacho huhesabiwa kutoka usawa wa wastani wa bahari, na kuupata huko si kazi nyepesi, kwani tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huweza kupita mita 7.

Lakini hori lenyewe halitulii. Mwaka 1794 watu wa nahodha George Vancouver walilikuta limezibwa na barafu karibu na mlango wake. Mwanaasili John Muir alipofika 1879, barafu ilikwisha kurudi nyuma zaidi ya kilomita 45. Na mwanasayansi Harry Fielding Reid, aliyepima huko 1890 na 1892, alichora kingo za barafu ambapo leo mashua hupita.